Kung'arisha Pijo la Shirika

Watu wengi hawajui kuosha gari. Nasema hivyo bila kumwonea mtu haya. Wakiona maji na povu wanadhani kazi imekwisha. Nenda Igogo, pale ufukweni, siku yoyote ujionee: mtu anaingiza gari ziwani mpaka magurudumu yanazama, anachota maji yenye mchanga, anasugua kwa gunia. Baada ya mwaka analalamika kwamba rangi imepauka, eti siku hizi Wajapani wanatuletea magari mabovu. Rangi ilikuwepo. Ameila mwenyewe kwa gunia lake.

Mimi naitwa Luhaga. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa dereva wa Meneja Mkuu katika shirika moja la umma pale Nyakato, Mwanza. Mameneja walipita wanne, dereva alibaki mmoja. Gari langu la mwisho, nililokaa nalo miaka tisa, lilikuwa Pijo 504 la kijani kilichoiva, kijani ambacho kivulini ungekiita cheusi. Rangi ya namna hiyo haina huruma. Nyeupe itakufichia uchafu, lakini ile inakuumbua hata kwa alama ya kidole.

Mwezi wa tatu mwaka 1994 shirika lilifungwa. Barua za kupunguzwa zilikuja kwa mafungu: kwanza watu wa karakana, kisha wa ofisini, mwishowe walinzi. Meneja Mkuu akapanda ndege kwenda Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyempeleka uwanjani. Akasema, "Haya bwana, tutaonana," akachukua begi lake. Nikarudisha gari bandani, nikalipangusa vumbi, nikaning'iniza ufunguo mahali pake.

Aliyeletwa kufilisi mali za shirika, bwana mmoja mwenye miwani aliyetutembelea mara moja kwa mwezi, aliniambia nibaki nilinde majengo na lile gari mpaka lipate mnunuzi. Akanipa chumba kilichokuwa cha walinzi. Nikahamia na kitanda changu, jiko la mafuta ya taa, na picha ya mke wangu Kashindye, aliyefariki mwaka 1991. Watoto wetu wawili wako Dar. Wana shughuli zao, na mimi si mtu wa kuomba barua.

Upweke wa kiwanda kilichofungwa si kama upweke wa porini. Porini hakuna kinachokukumbusha watu. Pale kila kitu kilikuwa cha watu: viti mia mbili vya bwalo, makabati yenye majina, ubao wa matangazo wenye tangazo la mechi ambayo haikuchezwa. Dorotea, mama aliyekuwa akiuza uji na maandazi getini, alivumilia wiki tatu, kisha akahamishia biashara yake Igoma kwenye wateja. Alipoondoka zikapita siku tatu sijasema neno na mtu. Siku ya nne nilijisikia nikiliambia gari, "Umeamkaje?" Nikashtuka. Kisha nikaona hakuna wa kunicheka, nikaendelea.

Nilikuwa na tumaini moja tu, na ni afadhali niliseme wazi: kwamba atakayelinunua lile Pijo atachukua na dereva wake. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Hao matajiri wapya wa soko huria wakitaka dereva walimweka mpwa au shemeji. Nani angeniajiri mimi kwa sura yangu? Lakini gari linalong'aa lina ulimi. Lingenisemea.

Basi nikaliosha. Nilianza alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, kwa sababu tone la maji likikaukia juu ya rangi huacha doa. Maji ya shirika yalikuwa yamekatwa, kwa hiyo nilibeba ndoo kwa baiskeli kutoka bomba la jirani. Kwanza namwagia maji matupu, taratibu, vumbi lilainike lenyewe. Ukigusa vumbi kavu kwa kitambaa umepiga msasa. Halafu naanzia paani nikishuka, maana uchafu mwingi uko chini na huwezi kuupandisha juu ukajiita mwoshaji. Sabuni ya unga sikuigusa kamwe; inakula mng'ao. Nilitumia sabuni ya kuogea iliyoyeyushwa, kitambaa cha flana, na ndoo ya pili ya kusuuzia kitambaa hicho. Kukausha, ngozi laini. Mara moja kwa mwezi nikapaka waksi ya kopo, kipande kwa kipande, kwa kuzungusha vidole kidogo kidogo, naiacha ikauke mpaka iwe nyeupe kama vumbi la unga, ndipo naifuta. Niliinunua kwa fedha yangu, na mboga nikapunguza.

Adui yangu mkubwa alikuwa korongo. Tangu viwanda vya minofu ya samaki vifunguliwe, makorongo walijaa mjini kama wameitwa kwenye sherehe. Walitua juu ya paa la banda wakiwa wameshiba mabaki ya sangara, na mabati yale yalikuwa na matobo. Kinyesi cha korongo kikilala kwenye rangi mchana mmoja wa jua, kinaitoboa. Nilikuwa nikiamka, hata kama naumwa mgongo, kwenda kuangalia.

Sasa nitasema jambo ambalo baadaye lilinifanya nionekane mjinga, na huenda ni mjinga kweli.

Kwenye shirika letu gari halikuwashwa bila sahihi. Kulikuwa na kitabu cha safari. Afisa usafirishaji, Bwana Malimi, aliandika tarehe, uendako na kilometa, akatia sahihi, ndipo ukachukua ufunguo. Hata kama ni kulisogeza gari kutoka juani kwenda kivulini. Mwaka 1983, wakati wahujumu uchumi wanakamatwa, mwenzetu Masele aliwasha lori pale uani siku ya Jumapili ili betri isife. Hakutoka hata getini. Alilala rumande siku tisa, na alipotoka kazi hana. Mimi nilimpelekea chakula, nikamwona jinsi alivyokonda. Sikusahau.

Kwa hiyo Malimi alipopewa barua yake akaondoka, kitabu kilibaki mezani na sahihi haikuwepo. Nilimwuliza yule bwana wa kufilisi, "Mzee, sasa nani atanisainia?" Akanijibu bila kuinua macho, "Wewe linda tu." Nikalinda. Ilikuwa ni miaka ya ruksa, najua. Kuuza mitumba ruksa, kufungua baa ruksa, kila mtu na daladala yake ruksa. Lakini mimi hiyo ruksa sikuletewa kwa maandishi.

Dorotea alipita siku moja kuchukua sufuria aliyoisahau. Akalitazama gari, akanitazama mimi na flana yangu.

"Baba, mbona sijalisikia likinguruma?" akauliza. "Hata mgonjwa wa kitandani hugeuzwa ubavu."

"Mambo ya magari niachie mimi, mama. Wewe angalia uji."

Akacheka, akaenda zake. Nilijua anachosema. Dereva gani asiyejua? Nilijiambia kwamba mnunuzi atakuja wiki ijayo. Nikajiambia hivyo kwa miezi kumi na tatu.

Mnunuzi alikuja mwezi wa nne mwaka 1995. Jina lake Otuoma, mtu wa Mara, mfanyabiashara wa sangara aliyepeleka samaki viwandani. Alifika na pikapu inayonuka samaki toka getini, akashuka, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Mkononi alikuwa na barua ya kuruhusiwa kuliona gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Aliinama mbele ya boneti, akajiona mle ndani, akarekebisha kola ya shati lake. Nilikaribia kutoa machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine kujitazama kwenye kazi yangu.

"Aisee! Hili lina miaka mingapi?"

"Kumi."

"Mbona linashinda hayo yanayoshuka bandarini sasa hivi? Umelifanya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia maji matupu mpaka waksi. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za ng'ombe mzuri. Kisha akasema, "Hebu liwashe basi nisikie."

"Siwezi. Hakuna sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya afisa usafirishaji."

"Yuko wapi huyo?"

"Alipunguzwa."

Otuoma alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika madigadi ya gari ili asianguke. Nikapangusa alama ya kiganja chake papo hapo, na hilo likamwongezea kicheko.

"Watu kama wewe wamekwisha, mzee wangu," akasema akijifuta macho. "Mtu anayetunza rangi namna hii, injini si ataitunza zaidi? Sina haja ya kusikia. Nikilichukua hili, nakuchukua na wewe. Gari kama hili halihami bila dereva wake."

Hayo ndiyo maneno yake. Sikuyaongeza. Wiki tatu zilizofuata nilitembea nayo kama mtu aliyebeba yai. Nilifua sare yangu ya kaki, nikainyoosha kwa pasi ya mkaa. Nikaiambia picha ya Kashindye, "Nimepata kazi." Nikapaka waksi mara mbili.

Siku ya kuchukua gari walikuja watatu: Otuoma, mpwa wake wa kama miaka thelathini aliyekuwa akiendesha pikapu, na fundi Chenge kutoka Igoma, aliyeletwa kukagua tairi na mambo madogo. Barua ya mauzo ilikuwa na sahihi na mhuri. Nikaisoma mara mbili, nikachukua ufunguo, nikakaa nyuma ya usukani. Makalio yangu yalikikumbuka kile kiti.

Nikazungusha ufunguo. Kimya.

"Betri," akasema Chenge. "Hiyo si neno." Wakaleta betri ya pikapu. Nikazungusha tena. Kikasikika kishindo kimoja kidogo, kama mtu aliyegonga mlango mara moja akajuta. Kisha kimya kile kile.

Chenge akafungua boneti. Akatoa plagi, akamimina mafuta kidogo ndani, akatia spana kubwa kwenye puli ya mbele akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, mguu umekanyaga bampa. Injini haikusogea hata unywele.

"Mzee Luhaga, lilinguruma lini mara ya mwisho?"

"Nilipompeleka Meneja uwanjani."

"Lini hiyo?"

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

Chenge akaiweka spana chini polepole. "Imeshika, bosi," akamwambia Otuoma. "Pistoni zimegandana na silinda kwa kutu. Na breki za nyuma nadhani zimekamata vilevile. Hapa ni kushusha injini yote."

Ningependa Otuoma angenitukana. Mimi nina ulimi, ningemjibu, tungekuwa sawa. Lakini yule bwana alilizunguka gari lote akitazama jinsi lilivyong'aa, akarudi mbele yangu.

"Mzee, mimi niliona rangi nikadhani nimeona dereva," akasema kwa upole. "Kumbe wewe ni mwosha gari."

Nilitaka kumweleza habari za Masele na zile siku tisa. Lakini Masele alifungwa miaka kumi na miwili nyuma, na wala si yeye aliyenizuia kuingia mle bandani na kuwasha injini dakika tano tu kwa wiki. Mlango ulikuwa wazi. Ufunguo ulikuwa msumarini. Niliogopa sahihi ya Malimi, mtu ambaye hata kazi hakuwa nayo tena. Nikasema tu, "Samahani, mwanangu." Nadhani hata hakusikia.

Walilegeza breki, wakalifunga Pijo kwa mnyororo nyuma ya pikapu. Wakahitaji mtu wa kushika usukani. Otuoma akanielekeza kwa kidevu, "Kaa wewe, unalijua." Hivyo ndivyo nilivyoliendesha kwa mara ya mwisho, kutoka Nyakato hadi Igoma, bila sauti, maji ya samaki ya pikapu yakinirukia boneti. Watu wa barabarani hawakuangalia mnyororo. Waliangalia rangi. Mwendesha baiskeli mmoja alipiga mluzi, na mama mmoja akanipungia mkono. Nikajibu kwa kuinua vidole viwili juu ya usukani, kama zamani. Nakiri nilifurahi. Unaweza kuona aibu na ukafurahi katika barabara moja.

Gereji ya Chenge ilikuwa uwanja tu wenye uzio wa mabati. Ukarabati ulichukua wiki sita. Mimi nilikuwa naenda kwa baiskeli kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nalipangusa vumbi, napangusa alama za grisi. Hakuna aliyenituma. Chenge hakunifukuza, ila aliacha kunisalimia kwa furaha, kama unavyomzoea mtu anayekuja kudai. Moyoni nilikuwa bado na hesabu yangu: injini ikipona, Otuoma atasahau. Hasira ya mtu mnene haikai, nilijiambia. Ahadi ni deni, naye aliitoa kwa kinywa chake mbele yangu na mbele ya gari.

Siku liliponguruma nilikuwepo, nimevaa sare. Sauti ilikuwa nzuri, nzito, haina kikohozi. Otuoma akapiga makofi, akampa mkono Chenge, akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akamrushia mpwa wake.

Mpwa akaudaka. Alikuwa amevaa shati jipya, na nikaelewa kwamba jambo hili lilikwisha siku nyingi, ila mimi tu ndiye sikuwa nimeambiwa. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Mtu anampa mpwa wake kazi, nani atamlaumu?

"Mzee wangu," Otuoma akaniita, akiwa na uchangamfu wake ule ule, "wewe leo hutapanda baiskeli. Watakuletea kesho. Huyu kijana atakurudisha Nyakato, mimi nimalizane na fundi hapa. Panda nyuma, ustarehe."

Akanifungulia mlango wa nyuma kwa mkono wake.

Miaka tisa nilikifuta kile kiti cha nyuma, nikakipulizia manukato, nikaokota chini yake kalamu, vifungo, na pini za nywele ambazo sikumwambia mtu. Sikuwahi kukikalia. Ni laini kuliko cha mbele. Miguu inapata nafasi mpaka hujui uipeleke wapi. Gari likaingia barabarani, na mimi nikatazama mbele kama abiria wanavyotazama, nikaona kitu walichokuwa wakikiona wao wote: kisogo cha dereva. Nywele zilizonyolewa vibaya upande wa kushoto, kola, masikio mawili. Basi.

Mameneja wanne. Niliwajua kwa majina ya watoto wao, nilijua nani ana presha na nani hali nyama ya mbuzi, nilijua nani aligombana na mkewe kwa namna alivyofunga mlango. Niliamini na wao wananijua mimi. Kashindye alipofariki sikumwona hata mmoja msibani, wala wa wakati huo wala waliotangulia, na nilijiambia kwamba ni watu wenye kazi nyingi. Nikiwa nimekaa pale ndipo niliposadiki kwamba hawakuwa na dharau. Mtu hawezi kwenda kuzika mke wa kisogo.

Iliniuma, lakini sikutaka yule kijana aendeshe mpaka Nyakato naye akiwa kisogo tu. Nikasogea mbele.

"Unaitwa nani, baba?"

Akanitazama kwenye kioo. "Orwa, mzee."

"Una mke?"

"Ninaye. Apiyo. Yuko Igogo na mtoto wetu, ana miezi mitano."

"Mtoto anaitwa nani?"

Akatabasamu mpaka masikio yakasogea. "Princess."

Tukazungumza hivyo njia nzima. Anaendesha vizuri, kwa kweli. Anabadilisha gia bila kulishtua gari. Nilitaka kumkosoa nikakosa pa kuanzia. Tulipofika getini kwangu akashuka upesi, akanifungulia mlango, na mimi nikatoka taratibu kwa kuwa sikujua mtu anatokaje huku nyuma, mguu upi unatangulia.

"Karibu ndani, Orwa," nikamwambia. "Nipashe chai, kuna na viazi. Dakika kumi tu."

Alitazama saa yake. Niliona kwamba angependa. "Asante sana mzee, siku nyingine. Bosi ananisubiri."

Jibu hilo nalijua vizuri. Nililitoa kwa miaka kumi na tisa kwa kila aliyenikaribisha, kwa Dorotea na bakuli lake la uji, kwa Masele, kwa ndugu zangu wa Magu, nikilisema huku nimesimama na ufunguo mkononi. Na aliyelisikia mara nyingi kuliko wote ni Kashindye, mlangoni, kila asubuhi, akiwa ameshamimina chai.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Msalimie Apiyo."